Mashapo ya Udongo wa Kisimani

Tangu amzike mumewe, Mama Friza hakudondosha hata chozi moja. Mawifi zake walisema ana roho ngumu. Waseme tu, midomo ni mali yao. Yeye alikula, akalala, akaenda kazini, na hakusikia chochote moyoni.

Jina hilo la utani alilipata maabarani, kwa kuitunza friza ya bakteria. Sasa mkuu wake ametoa amri: nafasi imekwisha, bakteria wasiotoa dawa watupwe Ijumaa. Miongoni mwao alikuwamo yule wa udongo wa kisimani. Udongo huo aliuleta mumewe, mchimba visima, ndani ya kopo la kahawa. "Hapa pana dawa, mke wangu. Nusa!" Kila jioni akauliza, "Vipi, udongo wangu umesemaje?" Naye akamjibu, "Mtupu, baba." Mtu wa watu akaingia kaburini na jibu hilo.

Mama Friza akaomba ampime bakteria huyo mara ya mwisho. Mkuu akakubali, ila Ijumaa ni Ijumaa.

Utaratibu wao ni huu: unawakuza bakteria kwenye mchuzi wa kuwalisha, unauzungusha kwa mashine mpaka watuame chini, unapima maji ya juu wanamotolea dawa, mashapo unatupa. Lakini mfiwa mikono yake haina mwenyewe. Akayamwaga maji kwenye sinki, akabaki ameshika mashapo. Lo! Na kukuza upya hakuna muda. Heri nusu shari, akayasaga, akadondosha tone kwenye sahani ya vijidudu vya vidonda, akaenda zake.

Kesho yake, kuzunguka tone lile, vijidudu vyote vimekufa.

Walipochunguza jeni za bakteria huyo wakaona kasoro. Ile inayojenga mlango wa kutolea dawa ilikuwa imeharibika. Masikini bakteria alitengeneza dawa, akakosa pa kuitolea, ikamlemea ndani, akapunguza kazi asijiue. Wakampandikizia jeni ya mlango kutoka kwa ndugu yake. Safari hii maji yenyewe yakaua, na dawa ikaongezeka maradufu. Mkuu akapiga makofi. Mama Friza akasema ahsante, akaenda kunawa mikono.

Jioni akapita kwa mama mkwe wake, akamkuta anakunja nguo.

"Mama, ule udongo wake una dawa," akasema, sauti kavu. "Mimi nilimwambia mtupu."

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Alikuwa akiniambia, 'Mama, mkweo ni bingwa, ila hapo hajatazama vizuri. Mwache, ataiona tu.' Halafu anacheka peke yake, unamjua."

Alimjua. Akamwona akicheka, meno yote nje, na hapo uchungu ukampanda. Akaketi juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa, akalia kwa sauti, mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna msiba gani.

"Ule ule," mama mkwe akamjibu.