Honi Mlangoni kwa Adija

Mbegu za karanga za kijiji kizima zilitunzwa nyumbani kwa Adija, na kila siku zilipungua. Mwizi hakuacha hata ganda. Basi watu wa kijiji kile cha ujamaa, jirani na Njinjo, wakahukumu kabla ya mkutano: anazikaanga mwenyewe! Jumamosi Mwenyekiti Maftaha angemvua utunzaji mbele ya umma, na Adija alijua fika kwamba jina likioza halikaushwi kama samaki.

Akamwendea Eusebio, Mmakonde aliyewahi kutengeneza malori Lindi.

"Fundi, mwizi anakuja mchana, sote tukiwa shamba la kijiji."

"Weka mbwa."

"Akitupiwa mfupa ananyamaza."

"Makopo kwenye kamba?"

"Upepo ukipita yanalia. Juzi nimeufukuza upepo na mchi mkononi."

Eusebio akacheka. "Basi tukupe mlinzi asiyelala, asiyekula, na asiye na shemeji."

Akaja na betri ya lori bovu na honi yake. Akapigilia vipande viwili vya bati karibu na mlango, akaviunga kwa nyaya na betri na honi, vikabanwa vigusane, kisha akapachika katikati kipande cha muhogo mkavu kilichofungwa uzi. Ncha ya pili ya uzi akaifunga mlangoni.

"Umeme umesimama hapa, unangoja njia. Mlango ukisukumwa, muhogo unachomoka, bati zinakutana, umeme unavuka."

Kwa jaribio, mahali pa honi akaunga taa ndogo. Adija akasukuma mlango wa matete. Taa ikawaka.

"Subhanallah!" Akarudia kuusukuma mara saba. Mara zote saba nywele zilimsisimka. Kisha Eusebio akairudisha honi mahali pake.

Alhamisi, jua la saa nne, honi ikanguruma kijiji kizima. Shambani majembe yakatupwa.

"Lori la duka la kijiji! Sukari imefika!"

Watu wakatimka, vikapu mkononi, wakiufuata mlio. Adija alipofika kwake akihema, foleni ilishapangwa, na Mwenyekiti Maftaha alikuwa wa kwanza.

"Mwenyekiti, sukari haimo humu," akasema, akasukuma mlango.

Juu ya gunia alikaa nyani dume, mashavu yamevimba karanga, viganja masikioni. Alipoona mwanga, akaruka juu ya bega la Mwenyekiti, akatokomea porini.

Eusebio akajipenyeza, akarudisha muhogo. Honi ikazimika. Watu wakazisogelea zile bati polepole, kama wanaosogelea mtoto mchanga.

"Imemwonaje?" Maftaha akanong'ona.

"Haioni," Eusebio akajibu. "Mkono wake mwenyewe ndio uliomshtaki."

Mwenyekiti akapiga magoti, akaanza kuokota karanga zilizomwagika, moja moja, kikapu chake cha sukari kikapata kazi. Akamkabidhi Adija kwa mikono miwili.

"Mama Hasani, tumekukosea," akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Jumamosi nitalisema hili kabla ya ajenda yoyote."

"Sema na leo, Mwenyekiti," akajibu Adija. "Wote wameshapanga mstari."

Akalisema.