Alama Nyekundu Jikoni

Miaka kumi na miwili nimekunja kalenda kwenye kiwanda cha uchapaji, na kila Desemba nabeba moja iliyoharibika rangi, naitundika jikoni kwangu. Kando yake nimefunga kalamu nyekundu kwa uzi. Siku damu ikija, naweka alama. Kila baada ya siku ishirini na nane, alama. Wenzangu kwenye meza ya kukunjia walikuwa wakilalamika, huyu kachelewa, yule kapitiliza, nami nikiwacheka. "Homoni zenu zimevurugika nyie. Mimi naenda kama saa!"

Mjinga mimi. Nilikuwa nameza vidonge vya uzazi wa mpango: ishirini na kimoja vyeupe, saba vya kahawia, pakiti ikiisha naanza nyingine. Mume wangu alitaka mtoto tangu tulipooana. Mimi ndiye niliyesema tusubiri, nyumba iishe kwanza, kisha mama yake apone mguu. "Haraka ya nini?" nilimwambia, nikimwonyesha kalenda. "Si unaona? Mayai yapo, yanatusubiri." Akaniamini, maskini.

Mwaka jana, nikiwa na thelathini na saba, nikaacha vidonge. Mwezi wa kwanza damu haikuja. Mume wangu akacheka mpaka magego yakaonekana. Wa pili, akaninyang'anya ndoo ya maji nisibebe. Nikapima mkojo, hakuna mimba. Akasema kipimo kibovu. Mwezi wa tano wifi yangu akaja na visweta vitatu alivyofuma mwenyewe, nikavipokea, ningefanyaje? Na kiwandani joto likawa linanipanda kifuani hadi usoni, asubuhi ya baridi, wenzangu wamevaa makoti. Nikaenda hospitali peke yangu.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa plasta, alinipima damu mara mbili, wiki sita zikipita katikati. Siku ya majibu akavua ile miwani.

"Mwanangu, mayai yako yameisha mapema. Hutokea, na mara nyingi sababu haijulikani."

"Vidonge vimeniharibu?"

"Hapana. Vilificha tu."

"Vilificha nini? Mbona nilikuwa naona damu kila mwezi!" Nilimpandishia sauti kama vile ameniibia.

"Ile haikuwa hedhi yenyewe. Ukimaliza vile vyeupe, homoni za kidonge zinakatika, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unabomoka, damu inatoka. Yai liwepo, lisiwepo, itatoka. Saa ilikuwa kidonge, mama, si wewe."

"Yaliisha lini?"

"Hakuna wa kukuambia. Na nisikudanganye, mimba usiitegemee."

Akaniandikia vidonge vingine vya homoni, vya kulinda mifupa na moyo. Akanionya kwamba damu itarudi kila mwezi, lakini nisiipe maana yoyote.

Nilimweleza mume wangu jikoni, neno kwa neno, bila kumficha kitu. Alikaa kwenye kigoda akiitazama kalenda. "Alama zote zile?" akauliza. Nikasema zote. Uso wake ulisinyaa mbele yangu, sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Kisha akainuka, akajipangusa suruali. "Madaktari nao hukosea," akasema, akatoka nje.

Nikaanza vidonge. Jumanne moja nikaloweka nguo kwenye beseni, yeye akapita kunawa mikono, akaona maji mekundu.

"Imerudi!" Akanikumbatia kwa mikono yenye sabuni. "Imerudi, mke wangu! Si nilikuambia?"

Nilifungua mdomo. Nilishamwambia mara moja, nikauona ule uso. Mara ya pili, jamani, sikuweza.

Alikuwa ameshafika kwenye kalenda. Alihesabu siku kwa kidole, akavuta kalamu kwa uzi wake, akaweka alama. "Sasa tusipoteze muda tena," akasema.

Nikainama, nikaendelea kufua.