Chapa Zilizomhamia Kwandu

Jumamosi asubuhi, Maduhu alipomaliza kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, bomba lilibaki na dawa kidogo, akamwita mkewe. Kwandu alikuwa ameota vinundu vya zambarau mgongoni na mapajani, vigumu, visivyowasha wala kuuma, na kwa mfugaji yeyote wa Lusahunga vilifanana kabisa na kupe walioshiba. Maduhu hakuwa katili. Aliongeza maji kwenye dawa, akamwambia afumbe macho.

Vinundu havikuanguka. Wiki iliyofuata vilianza kujipanga. Begani kwake ilitokeza M yenye mstari chini, ambayo ndiyo chapa ya moto ya zizi lao, na siku hiyohiyo ng'ombe mwekundu alionekana paja limekuwa safi kama la ndama. Kila chapa iliyomwota Kwandu, ng'ombe mmoja alibaki bila. Majirani walikuja kutazama, wakanywa togwa, wakarudi kulima.

Kisha ng'ombe wakaanza kumfuata. Akienda kisimani, wapo. Akilala mchana kwa homa, wanaizunguka nyumba na kupumulia ukutani. Hakuna aliyeuliza sababu, maana mtamba wa kwanza wa zizi lile alinunuliwa kwa pamba ambayo Kwandu aliilima peke yake walipohamia kutoka Shinyanga. Watu walilijua hilo siku zote, ila hawakuwa wakilisema.

Kwenye zahanati alipokewa na tabibu Clotilda, binti wa Kihangaza kutoka Bugarama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Clotilda alibonyeza vinundu, akatazama fizi zilizokuwa zikivuja damu. "Mama, ngozi haina kosa. Ugonjwa uko kwenye damu, kulekule inakotengenezwa, ndani ya mifupa. Sasa umeanza kutokeza nje. Wahi Mwanza wakakupime uboho."

"Na hizi herufi?"

"Herufi sina dawa yake. Wahi Mwanza."

Safari ilitaka ng'ombe auzwe. Kwandu alipiga magoti mbele ya mumewe, ng'ombe wote wakiwa wamesimama nyuma yake.

"Baba Nshoma, uza mmoja tu. Nataka kupona."

"Hao ni ng'ombe wa ukoo," alisema Maduhu. "Wanamngoja Bulugu aoe." Bulugu alikuwa mdogo wake Maduhu.

"Chapa ziko kwangu."

"Naziona," alisema Maduhu, na kweli alikuwa anaziona.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe mwekundu alikwenda mwenyewe hadi njia panda, akasimama nyuma ya lori la mifugo, akangoja apakiwe. Maduhu alimrudisha kwa fimbo. Alipokwenda tena, alifungwa kamba. Lilikuwa jambo la aibu, na kijiji kizima kiliiona aibu hiyo.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema watu. Kwandu alielemewa na zake. Alifariki mchana, wakati wa kuvuna mahindi, ng'ombe wakiwa ukutani. Wanawake waliomwosha walikuta ngozi yake laini, haina hata doa.

Chapa zilikuwa zimerudi zizini. Sasa zilikuwa za zambarau, zimetuna, na ukiziwekea kiganja unakuta joto la mtu mwenye homa.

Siku ya kupeleka mahari ya Bulugu, mkwe wao Mzee Leonidasi, baba wa bibi harusi, alipita ng'ombe kwa ng'ombe akiwapapasa. Mkono wake ulikawia kwenye paja la yule mwekundu.

"Huyu anaumwa?"

"Hapana," alisema Maduhu. "Ni ng'ombe wa ukoo."

Mzee akaridhika, akaagiza zizi lake lifunguliwe waingie. Bibi harusi, Joyceline, alitoka jikoni kuwaletea maji. Ng'ombe wote waliinua vichwa, wakamtazama begani, kisha wakaanza kumfuata.