Kisogo cha Jengo

Upande mmoja wa jengo la kadibodi ulikuwa na madirisha, roshani na milango ya maduka, vyote vimekatwa kwa wembe kwa uangalifu wa sonara. Upande wa pili ulikuwa mweupe mtupu, kama kinywa kilichofumbwa kwa nguvu. Msanifu alikuwa ameuelekeza ukutani. Dada yake mkubwa, mshonaji, alipoingia ofisini asubuhi ile hakuketi. Aliligeuza.

"Sisi wa uchochoroni tutatazama huku?"

"Huko, dada."

Akasoma neno lililoandikwa chini ya mchoro uliokuwa mezani, kwa herufi kubwa zilizonyooka: KISOGO. Akacheka kidogo. "Watu hutupa kisogo kimyakimya. Wewe umekiandika kabisa."

"Ni lugha ya kazi. Kila jengo lina uso na kisogo."

"Hata mimi ninacho. Lakini sipokei wageni nacho."

Mbele ya mkutano wa mtaa msanifu alikuwa ameahidi jengo litakaloheshimu mahali pake: maduka chini, makazi juu, milango pande zote mbili, ili uchochoro wa mafundi uendelee kupata wateja na mwanga. Kisha mwenye kiwanja akataka milango yote itazame barabara kuu, na nyuma usimame ukuta mzima hadi paani. Msanifu, akiwa na ofisi changa na njaa ya kazi, akakubali kutia saini mkataba jioni ya leo. Malezi ya bweni yalimfunza kwamba muungwana hulisimamia neno lake. Hayakumfunza la kufanya akishatoa mawili yasiyoweza kulala chumba kimoja.

Mwenye kiwanja aliingia bila kubisha hodi. Mtaani walimwita Mzee Nukta, kwa kuwa kila alilosema lilikuwa mwisho wa mazungumzo.

"Usimlaumu ndugu yako, fundi," alisema. "Nyuma ni nyuma. Wewe unashona mfuko mgongoni mwa shati?"

"Mgongo wenyewe naushona, mzee. Nikikuletea shati lisilo nao, utalivaa?"

Mzee Nukta alicheka kwa dhati. "Ana ulimi huyu." Akamgeukia msanifu. "Jioni, basi. Ukighairi niambie mapema. Yupo mwenzako ambaye mchoro wake unaumeza na uchochoro wenyewe, na uchochoro umo ndani ya hati yangu." Akatoka.

Hapo kamba ikamkaza msanifu. Akijitoa, mikono yake itabaki safi na uchochoro utafukiwa. Akibaki, uchochoro utapona, ila utageuka handaki. Maisha yake yote alijivunia kutopinda. Sasa kunyooka na kupinda vilimfikisha pale pale.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, na sauti yake ikamsikikia kama ya mtu anayejikariria somo.

"Sikatai," dada alisema, akitwaa mkoba wake. "Ila nusu shari ina ajabu yake, mdogo wangu. Hailali kwa mgawaji."

Alasiri alimfuata, michoro ikiwa imeviringishwa kwapani. Uchochoro huu alikwisha kuupima mara nyingi, kwa macho ya mpimaji. Leo aliupita kwa mabega. Mshona viatu alikunja miguu kumpisha. Mtengeneza saa alimwamkia bila kuinua uso, jicho lake moja likiwa ndani ya kioo cha kukuzia. Juu yao mbingu ilikuwa ukanda mwembamba, mithili ya kipande kilichosalia baada ya nguo kukatwa.

Dada alikuwa akipiga pindo la kitambaa cheusi kando ya dirisha, kwa maana chini ya taa uzi mweusi na wa bluu iliyokolea hudanganya jicho.

"Umetia saini?"

"Bado."

"Utatia."

Haikuwa lawama, wala haikuwa swali. Msanifu alitaka kumweleza kuhusu vidirisha atakavyoviombea ruhusa, kuhusu rangi nyeupe itakayorudisha walau mng'ao. Cherehani ilinyamaza.

"Sogea kidogo," dada alisema kwa upole. "Unanizibia mwanga."

Akasogea kushoto. Kisha kulia. Kisha akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa fremu ya mlango. Chumba kilikuwa chembamba, mlango na dirisha vikitazama upande mmoja. Na kila aliposimama, kivuli chake kilikuwa kimekwisha kufika kitambaani.