Neno Alilomjibia Mumewe

Fusae alikuwa na sifa moja mtaani kwao, na alijua kujitapa nayo: mumewe hakuhitaji kufungua mdomo kueleza anachotaka. Tokuji, fundi wa mikeka ya tatami, alikuwa akiita "We!" tu kutoka karakanani, na mkewe anajua hiyo ni ya gazeti, au ya koti, au ya kukunwa mgongo. Miaka arobaini na moja ya ndoa waliishi hivyo.

"Shoga, una masikio au una uchawi?" jirani yake Sonoko, muuza tofu, alimtania. "Wangu namfokea asubuhi mpaka jioni, na bado namtuma chumvi anarudi na sukari."

"Wako hukumlea vizuri," Fusae anajibu, na wote wawili wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Basi vuli ile, Tokuji alipoanza kujishika tumbo akishona mikeka, ni Fusae aliyemkokota hadi kwa Daktari Kuramochi, mzee wa zahanati ya pale kona. Daktari akauliza swali ambalo kila daktari wa kwao huuliza: "Linauma vipi?" Na ni Fusae aliyejibu.

Katika lugha ya watu hawa swali hilo halitaki maelezo marefu. Maumivu yana milio yake, na hata mtoto wa miaka mitatu anaijua. Jino linalodunda pamoja na mapigo ya moyo ni zukizuki. Tumbo linalokatwa na kusokotwa, kana kwamba mtu analitoboa kwa keekee, ni kirikiri. Na yale maumivu madogo ya chini kwa chini, yasiyomlaza mtu wala kumwacha, ni shikushiku. Daktari akishasikia mlio, anajua pa kuanzia.

"Shikushiku, daktari," Fusae alisema, mumewe hajavuta hata pumzi. "Shikushiku tu. Si unaijua kazi yao, kuinama kutwa nzima. Halafu achari ya figili anavyoibugia, we acha tu!"

Nyuma ya pazia Sonoko, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alisikika akicheka. Daktari naye akacheka, akamgeukia Tokuji. "Ni hivyo, fundi?"

Tokuji alimtazama mkewe, akalitazama pazia, akaitikia kwa kichwa. Wakatoka na pakiti za dawa ya unga.

Baridi nzima alikunywa unga ule. Mwezi wa pili hata achari akaisukuma pembeni. Mwezi wa tatu walimkuta karakanani ameanguka juu ya mkeka wa mteja, sindano ndefu ya kushonea bado iko mkononi.

Huko hospitali ya mkoa daktari kijana aliuliza swali lile lile. Fusae alikwishafungua mdomo, ila safari hii Tokuji alimuwahi.

"Kirikiri," alisema, macho kwenye dari. "Tangu vuli."

Daktari akaifunua barua ya Kuramochi. "Mbona hapa pameandikwa shikushiku? Nani alisema shikushiku?"

Fusae, bingwa wa majibu, aliinamia vidole vyake. Jamani, mwanamke yule angeambiwa ajichimbie shimo pale pale sakafuni, angechimba kwa kucha.

Picha zilipotoka, saratani ya tumbo ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari aliwaita Fusae na binti yake Chizuru koridoni, akawaambia mgonjwa hatamaliza majira ya joto. "Laiti angekuja vuli," alianza, kisha akauona uso wa yule mama, akanyamaza. Lakini alikuwa amekuja vuli! Hilo ndilo lililomla Fusae mchana na usiku, akakonda kama yeye ndiye mgonjwa.

"Mama, usimwambie kitu kuhusu ile shikushiku," Chizuru alimsihi. "Unataka umtwishe na huo mzigo wako? Mwache baba apumzike."

"Akiondoka hajanisamehe, mimi nitaishije? Nimemuua, Chizuru. Nimemuua kwa mdomo wangu huu."

Alasiri moja ya mwezi wa sita, mvua ikinyesha na wagonjwa wengine wamesinzia, Fusae alikaa kando ya kitanda akimenya pichi ambalo wote wawili walijua halitaliwa.

"Baba Chizuru."

"Mm."

"Siku ile kwa Kuramochi, mimi ndiye niliyesema shikushiku. Sikukuuliza hata. Nilijifanya najua." Akakiweka kisu chini. "Nisamehe. Au nitukane basi, nifukuze, lakini sema kitu. Nakuomba."

Fusae aliutafuta uso wa mumewe akauchunguza, na hakuambulia kitu.

"Nilikuwa na mdomo, mama Chizuru," alisema hatimaye. "Mzee aliniuliza. Nilikuwa na mdomo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamwambia." Alimeza mate, na hata hilo lilimuuma. "Na yule Sonoko alikuwa pale, anasikia kila kitu. Ningesema kirikiri, wewe ungeonekana nini? Miaka arobaini na moja, na hujui mumeo anaumwaje."

"Kwa hilo?" Fusae alimwinamia. "Kwa hilo tu, baba Chizuru?"

"Hilo la kunijua ulikuwa unalifurahia sana. Ulivyokuwa ukijisifu kwa majirani, nilikuwa nakusikia kutoka karakanani. Nilipenda kukusikia." Alipumzika kidogo. "Siku nyingine nikiita 'We!' nilikuwa nataka maji ya baridi. Unakuja na chai. Nilikunywa."

Fusae alikuwa amekuja kuomba msamaha wa neno moja. Sasa hakujua aanzie wapi.

"Mara ngapi?" aliuliza.

Tokuji alifumba macho. "Sikuhesabu," alisema. "Ilikuwa chai nzuri."

Hapo Fusae alilia, alilia kwa sauti bila kuona haya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akazinduka na kumwita nesi.