Gari Lisilokunywa

Tangu mumewe afariki, gari lake lilikuwa limelala uani Kisugu, na Zulaikha hakuwa na moyo wa kuliuza. Siku moja alimuuliza shemeji yake Siraje, anayefanya kazi kituo cha mafuta Kalerwe, kama gari lisiloendeshwa linadaiwa kodi ya barabara.

"Shemeji, kodi imo ndani ya petroli," Siraje akacheka. "Gari lisilokunywa halilipi, hata lilale miaka kumi."

Zulaikha hakufurahi. Kumbe moyoni alitumaini sheria ingemlazimisha kuliuza, ili uamuzi usiwe wake. Sasa ulikuwa wake peke yake.

Akamwambia Siraje: "Basi kesho uniletee lita tano."

"Nani ataendesha?"

"Mimi. Wewe utanifundisha, maana kucheka unajua."