Pua ya Mtamboni

Kule kwenye mtambo wa kusafisha maji walimwita Pua, na hakuwahi kuchukia. Kila asubuhi, wenzake wakiwa bado wanapuliza chai, yeye alikuwa amekwisha kupasha moto maji kwenye chupa za maabara, akazitikisa, akavuta vizibo na kunusa. Vipimo vya mashine vilikuwepo, lakini pua yake ilivitangulia.

Msimu wa mvua mto uliteremka na uozo wa majani ya msitu mzima, maji yakawa kama chai iliyokolea. Tope halikuwasumbua: unatia shabu, linagandana, linazama, na linalobaki linakamatwa na mchanga. Lakini ule uozo uliokwisha kuyeyuka majini, kama sukari kikombeni, sehemu yake ilipita kote huko bila kuguswa. Maji yalitoka yanang'aa, kumbe bado yamebeba. Yakitiwa klorini yalianza kunuka, tena klorini ikikutana na uozo ule ilizaa vitu visivyofaa tumboni mwa mtu. Ndiyo maana kabla ya hapo walitia unga wa mkaa, uuvute uozo na kuushika. Watie kiasi gani, hapo walimngoja Pua aseme.

Aliporudi kazini baada ya kumzika mdogo wake, wenzake walimpa pole mlangoni, naye akazipokea kama mtu aliyetwishwa vyombo asivyojua pa kuviweka. Mdogo mtu alikuwa wa kumfuata yeye. Waliishi nyumba moja, wakagombania kioo kimoja, na alipougua dada mtu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Hakulia hospitalini. Hakulia makaburini. Mashangazi walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Mwenyewe aliutafuta moyo huo asiuone, wa jiwe wala wa nyama.

"Haya, Pua kasemaje leo?" aliuliza Makaa. Huyu ndiye fundi wa kutia mkaa, jitu refu lenye weusi kwenye kope hata siku za mapumziko.

Pua aliinamia chupa. Mvuke ukampiga usoni, na zaidi ya mvuke hakukuwa na kitu. Akanusa tena. Kimya kitupu, kama kubisha hodi kwa jirani aliyehama.

"Safi," akasema.

"Nipunguze mkaa?"

"Punguza."

Hakukusudia kumdanganya mtu. Aliulizwa, akatazamwa, neno likatoka lenyewe.

Kesho yake simu za mapokezi hazikupoa. Watu walilalamika kwamba maji yananuka. Mkuu wa maabara alimuuliza, naye akajibu kwamba aliyaona sawa. Mkuu alimwamini, kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkosea.

Jioni ile alisimama jikoni akichemsha maziwa. Mama yake, aliyebaki kukaa naye baada ya mazishi, aliingia mbio kutoka uani.

"We mwanangu! Nyumba nzima imejaa moshi, nawe umesimama hapo hapo?"

Pua alitazama sufuria. Kweli, maziwa yalikuwa yamegeuka masizi. Mama alilizima jiko, akaisukuma sufuria chini ya bomba, kisha akakunja uso.

"Na haya maji nayo! Yananuka kama tambara la jikoni. Si ndiyo hayo unayoyanusa wewe?"

"Nayanusa."

"Ukasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

Mama alifunga bomba. "Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka kuzika. Sijui. Labda kabla."

Mama hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akarudi na sweta la kijani la marehemu, ambalo hakutaka lifuliwe. "Nusa hili."

Pua aliliweka usoni. Sufu ilimkera puani, kifungo kimoja kikamgusa mdomo. Alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hakuna. Si mafuta ya nywele, si dawa, si mdogo wake. Alilirudisha kama mtu anayerudisha chenji. Mama akalinusa yeye, akaketi kwenye kiti, akalia humo ndani ya sufu mabega yakimtikisika. Pua alimwekea mkono begani, kwa sababu alijua mkono huwekwa hapo.

"Mimi nilidhani unajikaza kwa ajili yangu," mama alisema baadaye.

"Sijikazi, mama. Hakuna cha kukaza."

Asubuhi Pua hakupasha maji. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. "Pua yangu haifanyi kazi," alisema. "Juzi nilisema maji ni safi nami sikusikia lolote."

Mkuu alivua miwani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mlikuwa mnaningoja."

Yule mzee aliifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ungesema," alisema hatimaye. "Tungenusa wenyewe, hata kama kwa kubahatisha." Akamwita Makaa, akampa chupa.

Makaa alinusa, akaruka nyuma. "Lo! Nguo zilizosahauliwa kwenye beseni!" Akamgeukia Pua. "Dada, kumbe kila asubuhi ulikuwa unavumilia haya? Mshahara wako ni mdogo."

Mmoja wa wenzao wa maabara alicheka, akaacha haraka.

Mkuu aliwabadilisha kazi. Makaa akabaki na chupa, akikunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Pua akavaa barakoa na buti, akapanda kwenye banda la mkaa. Alipasua mifuko, akamimina ule unga kwenye tanki la kukorogea, akatazama ukizama na kugeuka uji mweusi unaokwenda kukutana na maji ya mto. Kazi hiyo haikumtaka asikie chochote. Waliongeza kiasi, vipimo vya maabara vikaanza kushuka, na mwisho wa juma simu za mapokezi zikanyamaza.

Siku hiyo Makaa alipanda bandani na bilauri ya maji.

"Safi," alisema, akijipiga kifua. "Nakuapia. Hata mke wangu kakubali."

Pua alishusha barakoa, akaacha alama nyeusi kwenye bilauri. Alikunywa yote. Ladha hakuipata. Ilibidi achukue neno la Makaa, naye akalichukua. Lakini maji yalikuwa ya baridi, na ubaridi ule aliusikia ukishuka kifuani mpaka chini.

"Ya baridi," alisema.

"Nikuongeze?"

"Niongeze."

Makaa akateremka ngazi, na Pua akavuta mfuko mwingine.